Ukitaka kujua Wachina wanakula nini, amka alfajiri

Mtu akirudi nyumbani kutoka China, iwe alikwenda kusoma au kufuata mzigo, swali la kwanza litakuwa alikula nini huko. Na anayeuliza huwa keshajijibu: nyoka, mende, nge, mbwa. Nimeulizwa hivyo msibani, harusini, ndani ya daladala, na mara moja na fundi cherehani aliyekuwa akinipima suruali. Nilikaa Wuhan miaka minne na sikumwona jirani yangu hata mmoja akila nge. Niliwaona wakila tambi zenye ufuta, uji wa mchele, mikate ya kupikwa kwa mvuke, maziwa ya soya na mayai, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka nikaondoka.

Habari za nge nazo zina kwao. Zimetoka Beijing, eneo la Wangfujing, hatua chache kutoka kasri la wafalme wa zamani. Hapo palikuwa na soko la usiku la Donghuamen, vibanda vimepangwa mstari mmoja, na mbele ya vibanda nge waliochomekwa kwenye vijiti, wengine wakiwa bado wanachezesha miguu, pamoja na viti vya pweza vilivyokaangwa vikakauka kama mbao. Mgeni alinunua kimoja, akapigwa picha akikiuma, akaituma kwao. Mkazi wa Beijing alipita hapo akienda zake kazini. Soko lile lilifungwa mwaka 2016, lakini picha zake zinazunguka mpaka leo kwenye simu za Dar, Mombasa na Bujumbura, na watu wanazitumia kama ushahidi juu ya taifa zima.

Sisemi kwamba hakuna Mchina anayekula wadudu. Mkoani Yunnan wanakula, tena kwa ufundi. Shandong hukaanga nyenje wachanga wakati wa joto. Lakini huko mdudu ana msimu wake, ana wenyewe na ana namna yake ya kupikwa, kama senene walivyo kwa Wahaya. Mtu akichukua senene akawauza kwenye vijiti nje ya hoteli za ufukweni, kisha mtalii akarudi kwao na kutangaza kwamba Watanzania wanaishi kwa kula panzi, Mhaya angekuwa wa kwanza kukasirika, na angekuwa na haki.

Kwa hiyo suala la kupata chakula halisi cha mtaani nchini China, chakula cha mkoa fulani kinavyoliwa na watu wa mkoa huo, mimi silichukulii kama jambo la ulafi wa wasafiri. Chakula tulichoonyeshwa ndicho kilichotufundisha namna ya kuwazungumzia watu. Na baada ya kuzunguka miji kadhaa nimefikia msimamo mmoja: chakula cha mtaani huwa cha kweli pale ambapo anayeuza na anayekula wataonana tena kesho. Mengine yote tunayoambiwa tuyatazame, kama foleni, bei, uchochoro au moshi wa jiko, ni dalili tu za jambo hilo, na dalili hudanganya.

Tuanze na mitaa iliyojengwa ili kudanganya. Karibu kila mji mkubwa wa China una mtaa wake wa vitafunwa, xiaochi jie. Wuhan kuna Hubu Xiang, Chengdu kuna Jinli na Kuanzhai Xiangzi, Xi'an kuna barabara ya Beiyuanmen inayoanzia nyuma ya Mnara wa Ngoma. Taa nyekundu, mapaa ya mtindo wa kale, mawe chini. Ukipita mitaa mitatu ya aina hii katika mikoa mitatu tofauti utaanza kukutana na sura unazozijua: ngisi yule yule mzima kwenye kijiti, tofu ile ile yenye harufu kali iliyoandikwa kuwa ni ya Changsha hata kama uko kilomita elfu moja kutoka Changsha, kiazi kile kile kilichokatwa kikazungushwa kama springi. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyewahi kufika Yiwu, mji wa masoko ya jumla, halihitaji somo hili, maana ameona kwa macho yake ghala moja likiuza kumbukumbu za miji kumi. Chakula nacho kimeshika njia hiyo. Kinatoka kiwandani kimegandishwa, kinaletwa kwenye maboksi, na kinachofanyika mbele yako ni kupashwa moto.

Sababu yake ni hesabu ya kawaida ya biashara. Kodi ya pango mahali kama hapo ni kubwa, na wapitao ni wengi mno siku za sikukuu. Mwenye kibanda anahitaji watu elfu wanunue mara moja moja. Hakuna hata mmoja anayetarajiwa kurudi, kwa hiyo hakuna hasara ya kumuudhi. Kwenye mtaa mmoja wa namna hii niliwahi kuuziwa tambi za ufuta zilizopoa, ufuta wenyewe umekatwa kwa karanga, saa tatu ya usiku, kwa bei mara tatu ya ile niliyolipa asubuhi nyumbani. Niliporudisha bakuli likiwa nusu, muuzaji hakuuliza kitu. Kwa nini aulize?

Wasafiri wenye ujuzi hutoa ushauri mmoja wakidhani umemaliza kazi: nenda walikojazana Wachina wenyewe. Ushauri huu una kasoro kubwa. China ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na wengi wa watalii wanaojaza miji yake ni Wachina. Mtu wa Harbin aliyefika Xi'an kwa mapumziko ya Mei Mosi ni mgeni kama mimi. Lahaja ya pale inampa shida, hajui duka lipi lilibadilisha mpishi, na ameshika simu inayomwonyesha video ya mtu mwingine aliyepita hapo jana. Foleni ya watu mia mbili wa aina hiyo inakuambia nguvu ya video. Kuhusu supu haikuambii lolote.

Mfano mzuri ni Zibo, mji wa viwanda wa mkoa wa Shandong. Mishikaki ya Zibo ni ya kweli kabisa. Unaletewa jiko dogo la mkaa mezani, nyama ikiwa imeiva nusu, unaimalizia mwenyewe, kisha unaikunja kwenye mkate mwembamba pamoja na jani la kitunguu kibichi. Wenyeji wamekula hivyo kwa miaka. Majira ya kuchipua ya 2023 wanafunzi wa vyuo wakaieneza mitandaoni, na kufikia Mei Mosi mji ulikuwa umefurika, mabasi ya mishikaki yamewekwa, hata treni. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Tianshui, mkoa wa Gansu, na malatang yake, mboga na tambi zilizochemshwa na kukolezwa pilipili nyekundu. Siwalaumu waliokwenda, na miji ile ilihitaji fedha. Lakini wiki zile mtu wa Zibo mwenyewe hakuwa na pa kukaa, na mgeni aliyesimama foleni kwa masaa matatu alikuwa anakula pamoja na wageni wenzake. Chakula kilikuwa kile kile, ila waliokuwa wakikilinda kwa kukila kila wiki hawakuwapo mezani.

Ndiyo maana naanza na saa kabla ya mtaa. Utalii huamka saa tatu, baada ya kifungua kinywa cha hotelini. Kazi, shule na soko la mboga huamka saa kumi na moja. Katikati ya saa hizo mbili China nzima inakula barabarani, na karibu hakuna mgeni wa kumuigizia.

Wuhan ndipo nilipojifunza hili. Watu wa mji ule wana kitenzi chao cha kula asubuhi, guozao, maana yake kuipitisha asubuhi. Wanasema "umeshaipitisha?" kama sisi tunavyouliza mtu kama ameshastaftahi, na wanaipitisha nje, kwa miguu, bakuli la karatasi mkononi, kwenye kituo cha basi, kwenye kivuko cha mto Yangtze, kwenye ngazi za ofisi. Kuna mianwo, andazi la mchele na soya linalokaangwa ndani ya upawa wenye mwinuko katikati, likitoka pembeni ni nene na laini, katikati ni tundu lenye ukingo mkavu. Kuna doupi, chapati ya mchele na choroko iliyopakwa yai na kujazwa mchele wa kunata. Na juu ya yote kuna reganmian, tambi za moto zisizo na mchuzi.

Kwenye lango la nyuma la mtaa wetu palikuwa na mama mmoja mwenye meza, masufuria mawili na mwavuli mkubwa. Tambi alikuwa amezichemsha nusu usiku uliopita, akazipaka mafuta, akazitandaza mezani na kuzipepea mpaka zikapoa bila kugandana. Alfajiri aliokota fumba moja bila kupima, akaidumbukiza kwa kikapu chenye mpini mrefu kwenye maji yanayotokota, akaiinua, akaidumbukiza tena, akaikung'uta kwa nguvu mpaka tone la mwisho. Halafu mkono wake ulipita juu ya vibakuli kwa mpangilio ambao haukubadilika hata siku moja: ufuta uliosagwa ukawa mzito kama tope, sosi ya soya, upawa wa supu ya viungo, vipande vya figili ya achari, maharage marefu yaliyochachushwa, majani ya kitunguu. Dakika moja haikufika. Kazi iliyobaki ilikuwa yako, kukoroga haraka kabla ufuta haujashika, kwa sababu anayekoroga kivivu atakula donge huku na tambi tupu kule. Bakuli lilikuwa chini ya yuan 5. Saa nne ukipita pale unakuta fundi wa funguo ameweka kigoda chake, na kama hukuwa na taarifa utaapa kwamba hapajawahi kuuzwa chakula.

Mimi ni mtu wa Tanga na ni Mwislamu, kwa hiyo ile supu ya viungo ilinihusu. Wengine huipika na nyama ya nguruwe. Siku ya kwanza niliuliza kwa Kichina changu cha kuchechemea, yule mama akatikisa kichwa, akaruka lile sufuria na kunizidishia sosi ya soya. Nitarudi kwake.

Ukiwa mji usioujua na huna jirani wa kukuongoza, tazama watu wamevaa nini na wamebeba nini. Ndala na nguo za kulalia ni dalili nzuri kuliko foleni, maana hakuna mtalii anayetoka hotelini na pajama. Sare za shule ni dalili nzuri. Helmeti za madereva wa kupeleka vyakula ni dalili nzuri zaidi, maana hao wanaijua kila jiko la mji na wanakula kwa fedha yao. Mzee aliyekuja na sufuria lake la bati ili abebe maziwa ya soya ya wajukuu, huyo mfuate. Tianjin kuna desturi inayonifurahisha kuliko zote. Mji ule una jianbing guozi, chapati nyembamba ya unga wa choroko inayovunjiwa yai juu ya kaango na kukunjwa na kipande cha unga kilichokaangwa, na wakazi wengi huja kibandani na mayai yao mkononi. Mwenye kibanda anapokea mayai, anapunguza bei, anaendelea. Hakuna mtu anayesafiri likizo na mayai mfukoni. Ukiona mayai hayo, umefika.

Mahali penyewe ni pa kawaida mno hata msafiri anaona aibu kupatafuta: nyuma ya soko la mboga na samaki, lango la hospitali ya wilaya, ukuta wa shule ya msingi, mdomo wa kituo cha treni ya chini kwenye mtaa wa makazi. Watu wa Chengdu wana jina kwa vimgahawa vidogo vya namna hii, cangying guanzi, migahawa ya nzi, na wanalitamka kwa mapenzi kama sisi tunavyosema mama ntilie.

Xi'an inahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu pale kweli na uongo vinapakana ukuta kwa ukuta. Mtaa wa Waislamu, ambao wageni wote hupelekwa, unakaliwa na Wahui, Wachina Waislamu wenye misikiti yao, mabucha yao na koo zao za tangu zamani. Barabara kuu ya Beiyuanmen imeshachukuliwa na ngisi na taa. Lakini ukikata kushoto ukaingia Xiyangshi au Dapiyuan, na zaidi ukienda magharibi mpaka Sajinqiao, unaingia kwenye mtaa ambao bado una watu wake. Asubuhi Sajinqiao wanauza hulatang, supu nzito yenye pilipili manga, vinyama vya ng'ombe vya mviringo, viazi, karoti na kabichi, na mtu anamega mkate humo humo. Sitaficha kwamba bakuli la kwanza nilikumbuka bokoboko la nyumbani, ingawa havifanani kwa ladha. Vinafanana kwa uzito, na kwa jinsi watu wanavyovila kimya.

Mchana nenda ukale paomo, na hapo ndipo utapimwa wewe. Unakaa, unaletewa bakuli tupu na mikate miwili ya duara, migumu, iliyookwa bila kuiva sana. Hakuna chakula kingine. Kazi yako ni kuumega huo mkate kwa vidole mpaka vipande viwe kama kichwa cha nyuki. Mara ya kwanza nilimega kama ninavyomega mkate wa kuchovya kwenye chai, dakika tano nikawa nimemaliza, nikasogeza bakuli. Mzee aliyekaa meza moja nami alilitazama, akanirudishia. Hakusema neno. Akachukua kipande changu kimoja, akakigawa mara sita kwa ukucha wa kidole gumba, akaviangusha kimoja kimoja ili nione. Vidole viliniuma. Dakika ishirini na tano baadaye mhudumu akachukua bakuli pamoja na kibao cha namba, na nilielewa sababu lilipokuja: jikoni mpishi hupika kila bakuli peke yake kwenye mchuzi wa kondoo au ng'ombe, akiangalia ukubwa wa vipande ili ajue aongeze mchuzi kiasi gani na moto kiasi gani. Vipande vidogo vimekunywa mchuzi mpaka ndani, vikubwa vinabaki unga. Unaweza kuagiza mchuzi uishe wote, au ubaki funda moja mwisho, au uzunguke mkate, namna ambayo wenyewe wanaiita maji kuuzingira mji. Pembeni kuna vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari. Migahawa ya haraka inakata mkate kwa mashine, na mgeni anashukuru kwa kuokolewa muda. Mimi naona amenyang'anywa chakula chenyewe, kwa sababu ile nusu saa ya kumega, meza zikiwa zimejaa wazee wanaozungumza huku vidole vinafanya kazi, ndiyo mlo, na mchuzi unakuja kuufunga.

Kwa msafiri Mwislamu, alama ya kutafuta ni herufi mbili za Kichina, qingzhen, zinazoandikwa 清真. Usitegemee maandishi ya Kiarabu. Mwaka 2019 Beijing na miji mingine iliamuru Kiarabu kiondolewe kwenye mabango ya migahawa ya halali, kwa hiyo mtu anayesubiri kuona neno "halal" anaweza kukaa na njaa mbele ya bucha la Mhui. Wala usiifanye alama hii kuwa kitu cha kujikinga tu. Ni ramani. Niujie kule Beijing, Sajinqiao kule Xi'an, na kule Shanghai soko la Ijumaa ambalo kwa miaka mingi lilifanyika nje ya msikiti wa Huxi, Wauighur wakichoma kondoo na kuoka mikate, ni mahali ambapo chakula kilibaki na watu wake kwa sababu ya sharti la dini. Mteja wa pale anarudi kwa kuwa hana pengine pa kula kwa moyo mkunjufu, na muuzaji anamjua yeye na baba yake.

Hapa lazima nizungumzie jambo linalowahusu watu wetu moja kwa moja. Wafanyabiashara wa Kiswahili wanaokwenda Guangzhou, wa Kariakoo, wa Eastleigh, wa Lubumbashi, hufikia eneo la Xiaobei karibu na jengo la Tianxiu, na wengi hula kwenye migahawa iliyoandikwa Lanzhou lamian. Wanarudi wakisema wamekula tambi za Lanzhou. Ukweli una kona. Sehemu kubwa ya migahawa hiyo kote China ni ya watu wa wilaya ya Hualong, mkoa wa Qinghai, Wahui na Waislamu wenzao Wasalar waliotoka kwenye milima yenye udongo duni wakabeba ufundi wa kuvuta tambi mpaka pwani. Lanzhou penyewe hawasemi Lanzhou lamian. Wanasema niuroumian, tambi za nyama ya ng'ombe, na ni chakula cha asubuhi; maduka mengi hufunga mchana supu ikiisha. Unamwambia mvutaji unene unaoutaka: wa unywele, wa jani la kitunguu, au mpana kama mkanda. Anachukua donge la mtu mmoja, analivuta, analikunja, analivuta, na wakati unalipia tambi zimeshaingia majini. Unga wake huwekwa penghui, majivu ya mmea wa jangwani yanayoufanya ulainike na kuvutika, kazi ile ile ya magadi kwetu. Na mji unalichukulia bakuli hilo kama haki: mwaka 2007 bei ilipopanda, mamlaka za Lanzhou ziliweka kikomo cha yuan 2.5 kwa bakuli kubwa kwenye maduka ya kawaida.

Je, bakuli la Xiaobei ni la uongo basi? Watu wa Lanzhou wengi watakuambia ndiyo. Mimi nakataa. Yule kijana wa Hualong anawapikia wale wale kila siku, Mkongo wa ghorofa ya tano, Mzanzibari wa viatu, dereva kutoka Gansu, na wakikosa kuridhika watahamia duka la pili. Hiyo ni meza ya kweli ya Guangzhou ya leo, ila imebandikwa jina la mji mwingine. Malalamiko yangu ni kwa sisi tunaokwenda mara kumi na tano na kurudi bila kujua kwamba Guangzhou ina chakula chake. Chukua treni ya chini mpaka wilaya ya Liwan alfajiri, utafute mahali wanapomimina maji ya mchele kwenye kitambaa juu ya mvuke, yanaganda kwa pumzi mbili, wanayakwangua, wanayakunja na kuyamwagia sosi. Hiyo ni changfen. Uliza kilicho ndani na mafuta yaliyotumika, chagua ya yai na mboga. Ni laini kiasi kwamba kijiti hakiishiki vizuri.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya utalii ni ufagio. China ina chengguan, mgambo wa jiji wao, na kazi yao kubwa imekuwa kuwafukuza wenye vibanda. Mwaka 2017 Beijing iliziba kwa matofali maelfu ya madirisha na milango iliyotobolewa kwenye kuta za makazi ili kuuza vitu, na humo mlikuwamo jiko la chapati, la mvuke, la tambi. Juni 2020, corona ilipovunja ajira, Waziri Mkuu Li Keqiang akiwa Yantai alivisifu vibanda vya barabarani kuwa ni uhai wa China, na siku chache baadaye gazeti la Beijing likaandika kwamba jambo hilo halifai kwa mji mkuu. Tuliokuwa Dar es Salaam mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani tunaijua hoja hiyo, pande zote mbili.

Hoja ya usafi siipuuzi. Kwenye miaka ya 2010 Wachina wenyewe walitikiswa na habari za mafuta ya mfereji, yaliyochujwa kutoka mabaki na kuuzwa tena, na mama wengi waliacha kuwanunulia watoto wao chakula cha njiani. Lakini ukiwahamisha wauzaji wote kutoka lango la makazi na kuwapanga kwenye mtaa mmoja wenye taa nyekundu, umepata usafi wa sakafu na umepoteza mkaguzi aliyekuwa akija kila asubuhi bila mshahara, yaani yule mzee wa sufuria la bati. Miji ingeweza kuwapa maji safi, leseni ya masaa manne na mahali pale pale walipo. Baadhi imefanya hivyo. Naona ndiyo njia inayostahili, kwa China na kwetu.

Kwa anayesafiri mwezi ujao, mambo ya vitendo si mengi. Unganisha kadi yako na Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, kabla hujaondoka, maana tangu 2023 kadi za nje zinakubalika humo na kibanda kingi hakina chenji. Jifunze kusema "zhege, yi fen", hiki, kimoja, huku umeonyesha kwa kidole. Na kubwa zaidi, usibadilishe mahali kila asubuhi ukikusanya majina ya vyakula. Chagua meza moja karibu unapolala, urudi kesho, urudi keshokutwa. Siku ya kwanza unahudumiwa kama mgeni hata mahali pa kweli kabisa.

Mwaka wangu wa pili nilirudi Tanga kwa likizo ya kiangazi, miezi miwili. Niliporejea Wuhan nilifika usiku, na alfajiri nikatoka mpaka lango la nyuma. Mwavuli ulikuwapo. Mbele yangu walikuwa watu wanne, mmoja na helmeti. Zamu yangu ilipofika yule mama aliinua macho, akasema "tongxue", mwanafunzi, kama alivyomwita kila kijana wa chuo, akaokota fumba la tambi. Sikusema kitu, nilitaka kuona. Alikikung'uta kile kikapu, akatia ufuta, mkono wake ukalifikia sufuria la supu ya viungo, ukapita juu yake bila kusimama, ukashika chupa ya sosi.